Maji ya kisima yanaponuka: kwa nini hupimwa kabla ya mnara wa hewa kujengwa

Kisima kimechimbwa, pampu ya sola imefungwa, tangi limeinuliwa, na siku ya kufungua mfereji maji yanatoka yakinuka kama yai lililooza. Watu wanajaza mtungi mmoja, wananusa, wanamwaga, na kesho yake wanaonekana tena wakielekea mtoni. Fedha za umma zimetumika, maji yapo, lakini mama aliye na mtoto mchanga amerudi kuteka pale pale ambapo mifugo wanakunywa.

Malalamiko ya namna hii hufika kwanza kwa msimamizi wa wadi, kisha kwetu, na swali linalofuata kwenye vikao vya kutoa maoni ni lile lile. Ikiwa dawa ya harufu ni kuyapitisha maji hewani, mbona mnara usijengwe leo? Mbona kwanza waje watu na mapipa, mabomba ya plastiki angavu na chupa ndogo ndogo, wakae siku kadhaa kisimani wakipima? Makala haya yanaeleza kazi ya mapipa hayo.

Jibu fupi ni kwamba mnara uliojengwa kwa kukisia unaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi na bado usimsaidie mtu. Chukulia maji yenye miligramu 2 za gesi ya haidrojeni salfaidi katika kila lita. Mkandarasi akisema mtambo wake unaondoa asilimia 90, masikioni inapendeza. Hesabu inasema zimebaki miligramu 0.2. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba binadamu huanza kuitambua gesi hiyo katika maji, kwa ladha au kwa harufu, ikiwa kati ya miligramu 0.05 na 0.1 kwa lita. Kwa hiyo asilimia 90 imeondoka, na maji bado yananuka. Ili pua inyamaze, mtambo huo lazima uondoe zaidi ya asilimia 97. Kati ya 90 na 97 ndipo kuna tofauti ya mnara unaotumika na mnara unaobaki kuwa kiota cha ndege.

Gesi hufikaje ndani ya maji

Fungua chupa ya soda. Viputo vinavyopanda havikuonekana dakika moja kabla, kwa sababu gesi ilikuwa imeyeyuka ndani ya kinywaji na kifuniko kikaizuia. Kifuniko kikitoka, shinikizo linashuka na gesi inatafuta njia. Mwaka 1803 mwanakemia Mwingereza William Henry alieleza kanuni ambayo kila mbunifu wa mitambo ya aina hii huanzia kwake hadi leo: kiasi cha gesi inayoyeyuka katika maji hulingana na shinikizo la gesi hiyo hiyo juu ya maji. Shinikizo likiwa mara mbili, gesi iliyoyeyuka huwa mara mbili. Likikaribia sufuri, gesi haina sababu ya kubaki majini.

Maji ya chini ya ardhi ni kama soda ambayo haijafunguliwa. Yamekaa miaka mingi gizani pasipo kugusana na upepo. Hewa ukaa huyaingia kutoka kwa mimea inayooza udongoni, na katika Bonde la Ufa hutoka pia kwenye miamba yenye asili ya volkano. Haidrojeni salfaidi, ile ya harufu ya yai, hutengenezwa na bakteria wanaoishi mahali pasipo oksijeni. Bakteria hao huitumia salfeti iliyo ndani ya maji jinsi sisi tunavyoitumia oksijeni, na mabaki yake ni gesi hiyo. Harufu hiyo basi si ushahidi kwamba kuna mzoga uliotumbukia kisimani, uvumi ambao huenea kijijini kabla hata ya sampuli kufika mjini. Kisima kifupi kilicho karibu na choo ni habari nyingine, na hicho hupimwa vijidudu mara moja.

Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha haidrojeni salfaidi katika maji ya kunywa, kwa sababu si rahisi mtu kuyanywa maji yenye kiasi cha kumdhuru. Ladha na harufu vitamzuia mapema. Kuna wanaosikia hivyo wakauliza tatizo liko wapi. Tatizo la kwanza tumeshalitaja: watu huyakimbia maji hayo na kwenda kunywa maji mabaya zaidi ambayo hayanuki. La pili ni klorini. Gesi hii huila klorini kabla haijaua kijidudu hata kimoja. Ili kuiunguza miligramu 1 ya haidrojeni salfaidi hadi mwisho zinahitajika miligramu 8.3 hivi za klorini. Kisima kinachotoa mita za ujazo 100 kwa siku, maji yake yakiwa na miligramu 2 kwa lita, kingekula zaidi ya kilo moja na nusu ya klorini kila siku kabla ya chochote kubaki kulinda mabomba. La tatu ni kutu. Hewa ukaa ikizidi, maji huwa na asidi kidogo na kuula mfereji wa chuma polepole, na haidrojeni salfaidi nayo hushambulia vyuma na saruji.

Lipo pia suala la madini ya chuma, ambayo si gesi lakini husafiri pamoja na tatizo hili. Maji yenye chuma hutoka kisimani yakiwa safi kabisa kwa macho, kisha yakikaa kwenye ndoo hugeuka rangi ya kahawia na kuacha madoa kwenye shati jeupe la shule. Ni oksijeni ya hewa iliyoyagusa. Mnara wa hewa utaongeza kasi ya jambo hilo, na kama hakuna chujio la mchanga baada ya mnara, mtakuwa mmeondoa harufu na kuleta matope. Hilo nalo hugunduliwa kwenye majaribio, si baada ya uzinduzi.

Kinachoizuia gesi kutoka

Hewa tunayovuta kwa kawaida haina haidrojeni salfaidi ya kuhesabika, na hewa ukaa ni kidogo. Kwa kanuni ya Henry, maji yakiachwa wazi gesi hizo zitatoka zenyewe. Swali ni muda. Maji yaliyo katikati ya tangi hayaguswi na hewa, na hata yale ya juu yana utando mwembamba uliotulia ambao gesi lazima ipenye kabla ya kutoka. Mwaka 1924 Lewis na Whitman, wakiwa Marekani, walieleza upenyaji huo kwa picha ya tando mbili, mmoja upande wa maji na mwingine upande wa hewa, na hesabu zao bado zinatumika. Maana yake kwa fundi ni nyepesi: ongeza eneo ambalo maji na hewa vinagusana, na yatikise maji ili utando uwe mwembamba.

Eneo hilo huongezeka kwa namna ya kushangaza. Lita moja ya maji ikiwa na umbo la mchemraba ina uso wa sentimita mraba 600, karibu sawa na karatasi ya kawaida ya kuchapia. Lita hiyo hiyo ikivunjwa kuwa matone yenye upana wa milimita 2, uso wake unakuwa mita mraba 3, sawa na kanga mbili zilizotandikwa. Maji hayajaongezeka hata tone. Ndiyo sababu mitambo yote ya kazi hii, iwe ngazi za saruji ambazo maji huporomoka, trei zenye matundu, vinyunyizio, au mnara uliojazwa vipande vya plastiki, inafanya jambo moja tu: kuyavunja maji au kuyatandaza yawe membamba huku hewa ikipita.

Kwa nini tusichague mmojawapo basi tukajenga? Kwa sababu ya asidi. Hapa ndipo miradi mingi ingeweza kuanguka, na panastahili subira ya msomaji.

Haidrojeni salfaidi ndani ya maji ina sura mbili. Moja ni gesi yenyewe, nyingine ni chembe yenye chaji ya umeme ambayo haiwezi kuruka hewani. Kinachoamua ni ngapi ziko upande gani ni kipimo cha pH, yaani kiwango cha asidi. Maji yakiwa na pH 6, karibu asilimia 90 iko katika sura ya gesi. Kwenye pH 7 ni takriban nusu kwa nusu. Kwenye pH 8 ni karibu asilimia 10 tu iliyo gesi, iliyobaki imejificha. Gesi ikitoka, sehemu ya ile iliyojificha hurudi kuwa gesi na kutoka pia, mradi pH isipande. Na hapo ndipo mtego ulipo: hewa unayoipuliza hufukuza pia hewa ukaa, na hewa ukaa ndiyo inayoyapa maji asidi yake. Ikiondoka, pH hupanda. Unaweza kuanza na maji ya pH 7 juu ya mnara, yakafika chini yakiwa karibu na 8, na sehemu ya haidrojeni salfaidi imefungiwa humo. Kuongeza hewa zaidi wakati huo kunaweza kusisaidie, na pengine kukaharibu.

Visima viwili vyenye harufu ile ile kwa pua ya mwanakijiji vinaweza basi kuhitaji mitambo tofauti kabisa. Kimoja kitatibiwa kwa ngazi za saruji. Kingine kitahitaji asidi kidogo kabla ya mnara, au klorini kidogo baada yake kumalizia kilichobaki. Hakuna anayeweza kujua kwa kunusa.

Maabara inayokwenda kwa maji

Ukichukua maji ya kisima kwenye chupa ya soda, ukayapakia kwenye matatu hadi maabara ya mjini, sehemu ya gesi itakuwa imetoka njiani na nyingine itakuwa imeliwa na oksijeni iliyoingia. Utapimiwa maji mengine. Kwa ajili hiyo maabara hupelekwa kisimani, nyuma ya pikapu. Sampuli zinazolazimika kusafiri hufungiwa pale pale: chupa hujazwa kwa mpira unaofika chini kabisa, maji yanaachwa yafurike, na kifuniko kinafungwa bila kiputo. Zile za salfaidi huwekwa kwanza zinki asiteti na dawa ya kupandisha pH, ambazo huishika gesi isitoke. Kama oksijeni itapimwa kwa njia ya kemikali iliyobuniwa na Lajos Winkler wa Hungaria mwaka 1888, nayo hushikwa kwa dawa papo hapo kisimani.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Mtu aliyezoea kazi ya mabomba anaweza kukiunganisha. Moyo wake ni bomba angavu la plastiki lenye upana wa sentimita 15 na urefu unaozidi mita 2, lililosimamishwa wima na kujazwa vipande vidogo vya plastiki hadi kimo cha mita 2. Maji yanaingia juu, hewa inaingia chini kutoka kwa kipuliza, vinakutana katikati. Vipande visizidi milimita 15 kwa upana. Kanuni ya kawaida ni kwamba bomba liwe pana angalau mara kumi ya kipande kimoja; vinginevyo maji hukimbilia ukutani na kuteremka kando kando bila kuguswa na hewa, na jaribio litakudanganya kwamba mnara hafifu kuliko ulivyo.

Kila kipimo kina sababu. Tuseme mhandisi anataka kujaribu mteremko wa mita za ujazo 20 za maji kwa saa katika kila mita mraba ya mnara. Bomba la sentimita 15 lina eneo la mita mraba 0.0177, kwa hiyo linahitaji lita 350 hivi kwa saa, karibu lita 6 kwa dakika. Pipa la lita 200 litaisha kwa nusu saa na ushei. Ndiyo maana, inapowezekana, maji huunganishwa moja kwa moja kutoka kwenye bomba la kisima, na pipa hutumika tu kisima kisipoweza kuendeshwa mfululizo. Pipa likitumika, hufunikwa kwa kifuniko kinachoelea juu ya maji, kwa kuwa pipa lililo wazi litaanza kufukuza gesi kabla ya jaribio, na sifa zitakwenda kwa mnara.

Hewa nayo hupimwa. Kwa joto letu, haidrojeni salfaidi inahitaji kinadharia kama lita mbili na nusu za hewa kwa kila lita ya maji. Chini ya hapo hewa hujaa gesi kabla haijafika juu na haibebi tena. Kwa vitendo hujaribiwa mara kadhaa ya kiasi hicho, kwa mfano 5, 10, 20 na 30. Kwa lita 6 za maji kwa dakika, uwiano wa 10 ni lita 60 za hewa kwa dakika. Kipuliza kidogo kinatosha. Katika mtambo kamili, hata hivyo, hewa hiyo ni umeme, na umeme ni bili ya kila mwezi ambayo kamati ya maji itailipa kwa miaka. Kama uwiano wa 10 unatosha, hakuna sababu ya kulipia 30.

Pembeni mwa bomba huwekwa vifereji vidogo vya kuchukulia sampuli kila nusu mita. Huenda hii ndiyo sehemu ya maana kuliko zote, maana bila hiyo unajua kilichoingia na kilichotoka lakini hujui safari. Kwa mfano ule wa miligramu 2: mambo yakienda sawa, nusu mita ya kwanza ingeacha kama 1.1, ya pili 0.63, ya tatu 0.36, na chini ya mita 2 zingebaki 0.2. Kila nusu mita inaondoa sehemu ile ile ya kilichobaki. Hapo unaweza kusema kwa ujasiri kwamba mnara wa mita 4 utaacha 0.02, chini ya kile pua inachotambua. Lakini kama vipimo vinaonyesha nusu mita ya kwanza imefanya kazi nzuri na ya mwisho karibu haikufanya kitu, na pH imepanda njiani, basi unajua mtego wa asidi umefyatuka, na kuongeza mita mbili za mnara ni kutupa fedha.

Daftari la kuingia na kutoka

Vipimo vya pH, joto na oksijeni huchukuliwa juu na chini kila baada ya dakika chache mpaka vitulie; ndipo sampuli za salfaidi huchukuliwa, mara tatu kwa kila hali, kwa sababu chupa moja inaweza kuwa na kasoro. Joto si jambo dogo. Maji yaliyolala kwenye bomba juani saa nane mchana huachia gesi kwa urahisi kuliko yale ya alfajiri, na jaribio la mchana pekee litaleta ahadi ambayo mnara hautaitimiza usiku. Mwinuko pia huhesabiwa. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 yanashika kama miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Mwinuko wa mita 1,700 hewa ni nyepesi na maji hayo hayo yanashika kama 7.4. Mita ya oksijeni iliyorekebishwa Mombasa isipelekwe juu ya milima bila kurekebishwa upya.

Kisha kuna jambo ambalo mwenye duka atalielewa haraka kuliko sisi wengine. Salfaidi ikipungua kwenye maji, imekwenda wapi? Inaweza kuwa imetoka na hewa. Inaweza pia kuwa imeungana na oksijeni na kugeuka chembe laini za salfa zinazoyapa maji rangi ya maziwa, na chembe hizo zitaziba mabomba. Ili kujua, hewa inayotoka juu ya bomba hupitishwa kwenye chupa zenye zinki asiteti ambazo hunasa gesi, na kilichonaswa kinapimwa. Kilichoingia na maji lazima kilingane na kilichobaki kwenye maji pamoja na kilichonaswa. Kama hesabu haifungi, kuna kinachovuja au kuna kinachogeuka, na kazi haijaisha.

Huendeshwa pia jaribio moja bila kupuliza hewa kabisa, maji yakiteremka tu. Watu huliona kuwa la kupoteza muda. Linaonyesha ni kiasi gani cha gesi hutoka kwa maporomoko pekee, na katika visima vyenye gesi kidogo jibu linaweza kuwa kwamba ngazi rahisi za saruji zinatosha, bila kipuliza wala bili ya umeme.

Wakati mwingine kisima hakifikiki, mfano mvua imekata barabara, na majaribio ya mwanzo hufanywa mjini kwa maji ya kutengeneza: maji ya kawaida yaliyotiwa sodiamu salfaidi kidogo na kurekebishwa pH. Yana faida zake, lakini wanafunzi wetu wa vyuo wanaofanya miradi ya namna hii waangalie jambo moja. Maji ya mfereji wa mjini yana klorini, na klorini itaila salfaidi kabla pampu haijawashwa. Iondolewe kwanza.

Usalama

Gesi hii ikiwa ndani ya maji ni kero. Ikitoka na kukusanyika mahali pasipo upepo, inaua. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini: ndani ya shimo, tangi la ardhini, chumba cha pampu. Na pua haiaminiki. Ikifika kama sehemu 100 katika kila milioni moja ya hewa, hupooza uwezo wa kunusa, na mtu hudhani harufu imekwisha ilhali imezidi. Kati ya sehemu 500 na 1,000, mtu anaweza kuanguka na kufa kwa muda mfupi. Katika majaribio, hewa inayotoka kwenye bomba hupelekwa nje upande upepo unakoelekea, mbali na watu, na kila fundi huvaa kifaa kidogo kinacholia gesi ikifika sehemu 10. Watoto huvutiwa sana na bomba angavu linalobubujika. Tunaomba wazazi wawaweke mbali.

Mtu yeyote asiingie ndani ya kisima au tangi lenye harufu hii kulisafisha, na kama mwenzake ameanguka humo asimfuate bila vifaa vya kupumulia. Wanaokufa visimani mara nyingi ni wawili au watatu, na wa pili ni yule aliyeruka kumwokoa wa kwanza.

Hewa ukaa nayo si ya kudharauliwa. Mwaka 1986 Ziwa Nyos huko Kamerun lilifumka ghafla; gesi iliyokuwa imeyeyuka kilindini ilitoka kwa mkupuo, ikateremka mabondeni na kuua zaidi ya watu 1,700 pamoja na mifugo wao. Dawa iliyotumika tangu 2001 ni ndugu wa mnara wetu: mabomba marefu yanayopandisha maji ya kilindini na kuiacha gesi itoke kidogo kidogo. Kwa majirani zetu wa Rwanda, methani iliyoyeyuka katika Ziwa Kivu huondolewa majini kwa kanuni hiyo hiyo na kuzalisha umeme.

Baada ya majaribio

Takwimu za bomba dogo hupanuliwa bila kubadili mteremko. Kisima kinachotoa mita za ujazo 20 kwa saa, kwa mteremko tuliotaja, kinahitaji mnara wa mita mraba 1, yaani upana wa mita 1.13 kama ni wa mviringo. Kimo kinatoka kwenye vipimo vya kila nusu mita, kipuliza kinatoka kwenye uwiano wa hewa uliotosha, na uamuzi wa kuweka chujio unatoka kwenye chuma na salfa zilizoonekana. Hizo ndizo namba zinazoingia kwenye zabuni, na mkazi anayehudhuria kikao cha maoni ana haki ya kuziomba. Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na Jedwali la Nne linaipa kaunti jukumu la huduma za maji. Ukiambiwa mnara wa kimo fulani unajengwa, uliza kimo hicho kilipatikanaje.

Uliza pia kile ambacho mnara hautafanya. Hewa haiondoi chumvi. Haiondoi floraidi, ambayo ndiyo inayotia meno madoa ya kahawia katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Haiui vijidudu, maji yanayoporomoka wazi hukusanya vumbi na kinyesi cha ndege, na hivyo klorini hutiwa baada ya mnara, si kabla.

Nyumbani, unaposubiri, maji yenye harufu yanaweza kumiminwa kutoka ndoo moja hadi nyingine mara kadhaa, nje palipo na upepo, kisha yaachwe bila kufunikwa kwa muda kabla ya kuchemshwa au kutiwa dawa. Kabla ya kupiga ripoti, jaza glasi, itoe nje mbali na sinki, unuse tena. Mara nyingine kinachonuka ni bomba la maji taka. Ikiwa bado inanuka, mweleze msimamizi wa wadi ni mfereji upi, tangu lini, kama harufu ni ya asubuhi pekee au ya siku nzima, na kama maji yanabadilika rangi yakikaa usiku mmoja kwenye ndoo.